Sonara Anajibu: Geuza Nishani, Tazama Ukingo

Toleo lililopita nilisema kwa mistari mitatu tu kwamba nishani nyingi za jeshi la Marekani hazina jina la mvaaji, tofauti na za Mwingereza za Vita vya Kwanza vya Dunia, ambazo ukingoni utasoma namba, cheo, jina na kikosi. Mistari hiyo mitatu imeleta barua nyingi kuliko makala nzima niliyoandika juu ya vikuku vya fedha. Basi vikuku vipumzike mwezi huu. Salamu zenu nimezipokea na nyingi nimezikata, msinune, mhariri ana mkasi na nafasi ni hii.

*Shikamoo Mzee Sonara. Naendesha tuktuk hapa Malindi. Kuna jamaa ana Medal of Honor ya Marekani, anasema aliachiwa na mgeni hotelini. Ni nyota yenye kichwa cha mwanamke, imezungukwa na majani ya kijani, na utepe wake ni wa buluu wenye vinyota vyeupe. Alitaka elfu tisini, nimemshusha hadi sitini. Nilipe?*
Dereva wa Maweni, Malindi

Marahaba mwanangu. Usilipe hata shilingi sitini.

Hiyo ndiyo nishani ya juu kabisa ya ushujaa huko kwao. Ya wanamaji ilianzishwa 1861, ya jeshi la nchi kavu 1862, na tangu siku hizo waliopewa ni zaidi kidogo ya watu 3,500. Nishani nyingine za Marekani zinauzwa mnadani mchana kweupe. Hii haiuzwi. Sheria yao inakataza kuiuza, kuinunua, kuiingiza nchini na kuitoa, na adhabu ni faini au kifungo cha hadi mwaka mmoja. Utaniambia sheria ya Marekani haifiki Maweni. Kweli haifiki, lakini mtu mwenye pesa unayetarajia kumuuzia wewe yuko huko ilikofika.

Mwaka 1996 kiwanda kimoja cha New York, chenye mkataba wa kuitengenezea serikali nishani hizo, kilipigwa faini kwa kuuza nyota 300 kwa mlango wa nyuma, kila moja dola 75. Hizo zilitoka kwa mafundi wenyewe wa serikali na bado zikawa haramu. Sembuse ya jamaa yako wa hotelini.

Ukitaka kujiridhisha, iombe uishike, kisha igeuze. Halisi kwa kawaida huwa imechorwa nyuma jina la aliyepewa. Halafu pitisha ukucha ukingoni. Kitu kilichosubiwa kwenye kalibu huacha mshono, na ukikiangalia kwa kioo cha kukuzia utaona vishimo vidogovidogo kama uso wa mtu aliyeugua ndui. Kilichopigwa kwa chuma hakina vishimo hivyo, na herufi zake zina makali. Nina hakika utaukuta mshono.

Na kwa kuwa umenichokoza, nikwambie jambo ambalo wengi hawalijui. Si kila aliyeipata zamani alikuwa shujaa. Mwaka 1863 wanajeshi wa kikosi cha 27 cha Maine walikuwa wanamaliza muda wao, wakaahidiwa nishani hii wale watakaokubali kubaki siku chache zaidi kuulinda mji wa Washington. Waliobaki walikuwa kama 300. Nishani zikatolewa kwa kikosi kizima, 864. Mwaka 1917 jeshi lilipitia daftari lake upya likafuta majina 911, na wale wa Maine wote wakaondoka na ufagio huo.

*Assalamu alaykum. Ndani ya kijaluba cha marehemu bibi tumekuta nyota ya pembe sita, rangi ya manjano, ina taji na herufi G, R na I. Kaka yangu anasema ni ya Marekani kwa sababu ni nyota, na ameshapata mnunuzi wa Nairobi. Babu alikuwa askari lakini alifariki sijazaliwa.*
Mjukuu, Shela

Wa alaykum salam, bibi. Mwambie kaka asubiri.

Wamarekani hupenda nyota ya pembe tano, itazame bendera yao. Hizo herufi ni za mfalme George wa Sita wa Uingereza. Soma maandishi ya duara yaliyo katikati. Kama ni THE BURMA STAR, babu yako alikuwa Keya, yaani askari wa King's African Rifles, jeshi la Mwingereza huku kwetu, na alivuka bahari: Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipigana Burma mwaka 1944, kwenye mvua na matope ya bonde la Kabaw. Kama ni THE AFRICA STAR, basi huenda alikuwa kwenye vita vya kumfukuza Mtaliano Abisinia, Ethiopia ya leo, mwaka 1941. Nyota ni ileile kwa umbo, tofauti ni maneno na rangi za utepe, na utepe najua umeshaoza.

Sasa sikiliza sana. Nyota hizi za vita vya pili Mwingereza aliwapa askari wetu bila kuandika jina popote. Zilipigwa kwa wingi mno, kwa hiyo mnunuzi wa Nairobi hatatoa pesa ya kubadilisha maisha ya mtu. Ikishatoka Shela itakuwa nyota moja kati ya nyota, hakuna atakayeweza kusema ilikuwa ya nani. Ikiwa ndani ya kijaluba, na pembeni yake karatasi yenye jina la babu, jina la babake, mtaa wake, na kile wazee wenu wanachokumbuka, hapo ina mwenyewe. Kaeni na wazee wiki hii hii, si baada ya Ramadhani.

*Mimi ni mwalimu wa historia, mkusanyaji mchanga wa sarafu. Nataka kuingia kwenye nishani za Marekani. Zipi ni adimu kweli, na zipi mtu wa mshahara wangu anaweza kuanza nazo?*
Mwalimu, Mkomani, Lamu

Mwalimu, zilizo adimu kabisa hutazishika. Mwaka 1919 ndege ya wanamaji wa Marekani iitwayo NC-4 ilikuwa ya kwanza kuvuka bahari ya Atlantiki, ikitua njiani. Miaka 10 baadaye Bunge lao likaidhinisha nishani ya safari hiyo kwa watu 7. Saba tu! Hiyo tuwaachie makumbusho.

Ninayoipenda mimi ni ya Dewey, na hapa nasema kama fundi. Tarehe 1 Mei 1898 Komodoo George Dewey, mkuu wa meli za kivita za Marekani, aliingia ghuba ya Manila, Ufilipino, alfajiri, na kufikia adhuhuri meli za Kihispania zilikuwa zimekwisha. Bunge likaagiza nishani kwa kila aliyekuwa melini, chini ya watu 2,000. Kazi wakapewa Tiffany, masonara wa New York, na mchoro akauchora Daniel Chester French, yuleyule aliyekuja kutengeneza sanamu kubwa ya Rais Lincoln aliyeketi pale Washington. Upande mmoja ni uso wa Dewey. Upande wa pili ni baharia kifua wazi, ameketi juu ya mzinga, na chini yake jina la meli: Olympia, Baltimore, Raleigh, Boston, Concord, Petrel au McCulloch. Ukingoni limechorwa jina la baharia mwenyewe. Mpishi, mchochea makaa, mpiga mzinga, kila mtu na lake. Inasemekana Dewey aliona haya kutembea na uso wake kifuani, ya kwake akaivaa imegeuzwa. Ukiletewa ya Dewey ambayo ukingo wake ni mtupu, uliza maswali mengi kabla ya kutoa mkono mfukoni.

Baada ya hapo Wamarekani wakaacha majina, lakini si mara moja. Nishani za kampeni ambazo jeshi la nchi kavu lilianza kuziidhinisha mwaka 1905 na kuendelea, yaani za vita vyao wenyewe kwa wenyewe, za vita dhidi ya wenyeji asilia, za Kuba, Ufilipino na China, zilipigwa namba ukingoni: herufi No. kisha tarakimu. Namba nyingi zimeshalinganishwa na daftari za serikali na majina yakapatikana. Hapo mkusanyaji anapata kazi ya kufanya, si kutazama tu. Ile ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, yenye uso wa Lincoln, ina sababu yake ya kuwa adimu. Vita viliisha 1865, nishani ya kwanza ikatolewa 1909. Hesabu mwenyewe askari wangapi walikuwa wameshazikwa.

Kwa mshahara wa mwalimu, anza na Nishani ya Ushindi ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Ina utepe wa rangi za upinde wa mvua na mwanamke mwenye mabawa, na zilitolewa nyingi hata leo bei haiumizi. Utamu wake uko kwenye vipande vya shaba vinavyopita juu ya utepe, kila kimoja na jina la pigano. Meuse-Argonne utakiona kila mahali. Vittorio-Veneto ni vigumu, maana huko Wamarekani walipeleka rejimenti moja ya askari wa miguu, ya 332, na pigano hilo lilikuwa la Wataliano hasa. Mtaliano yeyote mzee wa Malindi atakusimulia Vittorio Veneto mpaka kahawa ipoe. Ila vipande hivyo huvuliwa na kuvishwa. Mtu anachukua nishani ya kawaida, anapachika kipande adimu, anapandisha bei mara tano. Ndiyo maana nishani iliyo na karatasi za askari wake mimi naihesabu kuwa nishani, na isiyo nazo naihesabu kuwa shaba nzuri.

Ya pili, chukua ile ya Ulaya, Afrika na Mashariki ya Kati, ambayo Rais Roosevelt aliianzisha tarehe 6 Novemba 1942. Ni rahisi kupatikana. Utepe wake una kahawia pembeni na kijani katikati, na ndani yake vijistari vya rangi za Italia, Ujerumani na Marekani yenyewe. Ukiambiwa na muuzaji kuwa askari fulani aliivaa kifuani akiingia Sicily mwaka 1943, muage kwa adabu uondoke. Wakati wa vita walivaa utepe tu. Nishani yenyewe ilianza kutolewa 1947.

Nunua pia tochi ya kukagulia noti, ile ya mwanga wa zambarau walio nayo wenye maduka. Imulike kwenye utepe gizani. Nyuzi za kisasa hung'aa nyeupe. Utepe wa zamani wa pamba au hariri hukaa kimya. Utepe mpya peke yake si hatia, watu hubadilisha ulioliwa na nondo, lakini muuzaji anayeapa kuwa ni wa mwaka 1918 atakuwa amejishtaki mwenyewe.

*Mzee, nanunua vyombo vya nyumba za wageni wanaohama. Kwenye kasha moja nimepata moyo wa rangi ya zambarau wenye kichwa cha mwanamume wa kale. Nyuma umeandikwa FOR MILITARY MERIT, na chini limechorwa jina la mtu. Niliweka picha ya mbele mtandaoni. Mnunuzi wa ng'ambo ananiandikia kila siku, haulizi hali ya kitu, anauliza jina tu. Nimpe?*
Mama wa Mnada, Malindi

Usimpe bado, na nitakwambia kwa nini analitaka.

Hiyo ni Purple Heart, wanayopewa Wamarekani waliojeruhiwa au kuuawa na adui. Kichwa ni cha George Washington, na ilitangazwa kwa umbo hili tarehe 22 Februari 1932, miaka 200 tangu azaliwe. Kama nyuma pangekuwa patupu ningekwambia ni ya kawaida. Mwaka 1945 Wamarekani walijitayarisha kuivamia Japani kwa miguu, wakijua watakaoumia ni wengi. Katika miaka ya vita hivyo walitengeneza mioyo zaidi ya 1,500,000, na mwishoni karibu 500,000 ikabaki. Japani ikasalimu amri, uvamizi haukufanyika, na akiba ile ikaja kutumika Korea, Vietnam na hata baadaye. Kwa hiyo usishangae kukuta moyo wa 1945 kwenye kifua cha mtu aliyejeruhiwa 1968.

Lakini wako una jina. Katika vita vya pili vya dunia serikali ilikuwa inachora jina nyuma ya nishani inayopelekwa kwa familia ya aliyekufa. Mnunuzi wako akishapata jina atalitafuta kwenye orodha ya waliouawa. Akilikuta, bei inaruka, na atakulipa wewe ile ya kabla ya kuruka. Bei inapanda kwa sababu mtu alikufa, na ikiwa alikufa pwani ya Normandy, Ufaransa, siku ya kwanza ya uvamizi wa 1944 inapanda zaidi. Nimefanya kazi ya fedha umri wangu wote na hesabu hiyo bado hainikai kooni.

Kwanza hakikisha jina lilichorwa na nani. Waliopona nao walipeleka zao kwa sonara wa mtaani wakachorewa. Herufi za mashine ya serikali zina kina kimoja na nafasi sawasawa. Za mkono zinacheza, huku nene, pale nyembamba, na mkia wa herufi ya mwisho humponyoka fundi. Nipigie picha ya nyuma kwa mwanga wa ubavuni, si wa taa ya simu kutoka juu.

Kisha litafute jina wewe mwenyewe kabla ya yeye. Tume ya Marekani ya makaburi ya vita ina orodha yake kwenye intaneti, bure, ya waliozikwa nje ya nchi yao. Hata hapa Afrika wapo: makaburi yao ya Carthage, Tunisia, yana watu 2,841, na ukutani majina ya 3,724 ambao hawakuonekana. Usipolikuta kwenye orodha hiyo usikate tamaa, wengi walirudishwa kuzikwa kwao. Mafaili ya utumishi ni habari nyingine. Tarehe 12 Julai 1973 jengo la kumbukumbu la St. Louis lilishika moto, na asilimia 80 ya mafaili ya askari wa nchi kavu walioachishwa kazi kati ya 1912 na 1960 yakateketea. Ndiyo maana jina lililochorwa kwenye chuma lina uzito kuliko unavyodhani. Huenda hiyo ni mojawapo ya nyaraka chache zilizobaki za mtu huyo.

Kuiuza si kosa kisheria, nakwambia ukweli. Na wako wakusanyaji wa heshima ambao hununua mioyo hii, wakaandika maisha ya mwenyewe kurasa kwa kurasa, wakamtunza vizuri kuliko mjukuu aliyeitupa kwenye kasha. Siwatukani hao. Lakini kuna shirika huko Marekani liitwalo Purple Hearts Reunited ambalo kazi yake ni kuzirudisha kwa familia. Ningekuwa wewe ningewaandikia hao kwanza. Wasipompata mtu, kitu bado kiko mkononi mwako, na mnunuzi wako, kwa hamu niliyoiona kwenye barua yako, hatakuwa amelala. Mimi si mufti, uamuzi ni wako.

*Nilifanya kazi jikoni Manda kwa Wamarekani. Mmoja wao akiondoka alinipa mkono, na ndani ya mkono akaniachia sarafu nzito yenye nembo ya kikosi. Kuna mtu anaiita nishani adimu. Ni kweli?*
Mpishi, Mokowe

Si nishani, lakini mtu huyo alikuheshimu. Ni sarafu ya kikosi. Wanajeshi wa Marekani hupeana hivyo hivyo, kiganja kwa kiganja, kumshukuru mtu kwa kazi. Haina sheria wala daftari la serikali, kila kikosi hujitengenezea, kwa hiyo thamani yake sokoni ni ndogo isipokuwa ikitoka kwa jenerali mwenye jina. Nishani ambazo wanajeshi wa zama hizi huvaa kwa kazi za upande wetu ni nyingine. Waliokuwa Somalia kati ya Desemba 1992 na Machi 1995, kwa mfano, walipewa ile ya safari za kijeshi iliyoanzishwa wakati wa Rais Kennedy, mwaka 1961.

Andika jina la aliyekupa na mwaka, funga pamoja. Kama ni kabla au baada ya shambulio la al-Shabaab kwenye kambi ya Manda la tarehe 5 Januari 2020, liandike hilo pia. Atakayeishika baada yako atataka kulijua kabla ya kitu kingine chochote.

*Nishani zangu zinaota ukungu wa kijani. Nizisugue kwa limau na majivu kama mama alivyosugua sinia?*
Wa Langoni, Lamu

Ukizisugua nitakukana hadharani. Ile rangi ya giza juu ya bronzi ndiyo ngozi yake, ikitoka hairudi, na bei inatoka nayo. Limau, majivu, dawa ya kung'arishia ya dukani, vyote haramu. Kutu ya kijani iondoe kwa kijiti cha mchongoma kilichochongwa ncha, polepole, na matone ya mafuta safi ya mashine ya cherehani, usiguse utepe. Halafu zitoe kwenye mifuko ya plastiki laini yenye harufu, ndiyo inayozila kwa hewa yetu ya chumvi. Karatasi isiyo na asidi, mkebe unaofunga vizuri, na vile vipakiti vya kukausha unyevu vinavyokuja na viatu vipya. Badilisha vipakiti kila kusi inapoanza.

*Naweza kutuma nishani nje kwa posta bila kibali?*
Msomaji, Malindi

Sheria yetu ya makumbusho ya mwaka 2006 inahesabu kuwa kitu cha kale chochote kilichotengenezwa Kenya au kuletwa Kenya kabla ya 1895, na hicho hakitoki bila kibali. Nishani za kampeni za Marekani zilianza baadaye, kwa hiyo nyingi haziguswi. Lakini kama kwenu kuna ile nyota ya Zanzibar ambayo Sayyid Barghash aliianzisha 1875, na ilifika Malindi zamani hizo, usiipeleke posta. Ipeleke kwanza makumbusho wakaitazame.

*Je, unanunua?*
Bila jina

Hapana. Natazama, na kutazama ni bure, asubuhi tu kabla sijawasha moto. Usinitumie picha ya mbele peke yake. Nataka nyuma, pini, na ukingo mzunguko mzima.